Jinsi nilivyotatua: video ya simu inayogoma kwenye Google Slides

Video inacheza vizuri kwa aliyeandaa wasilisho, lakini waliotumiwa kiungo wanaambiwa hawana ruhusa. Sababu ni kwamba Slides, programu ya Google ya kuandaa mawasilisho, haibebi video yenyewe. Inaonyesha tu faili lililoko Google Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google, na faili hilo lina ruhusa zake. Ukishiriki wasilisho, hujashiriki video.

Suluhisho linaanzia kwenye simu. Pakia video kwa programu ya Drive. Usiipitishe WhatsApp kama video ya kawaida, maana inabanwa na maandishi madogo hayasomeki tena. Ikishapanda, bonyeza nukta tatu, ingia sehemu ya kushiriki, ruhusu yeyote mwenye kiungo atazame. Ikiwa ina sura za watoto au wagonjwa, usifanye hivyo kamwe: weka barua pepe za wahusika mmoja mmoja.

Kisha hamia kwenye kompyuta. Katika menyu ya kuweka vitu (Insert) ya Slides chagua video, halafu Google Drive. Ujumbe kwamba video bado inachakatwa si hitilafu. Faili kubwa huchukua muda, hivyo pakia siku moja kabla.

Ukibofya video na kufungua chaguo za umbizo (Format options), unaweza kuandika inapoanzia na inapoishia, mathalani 0:12 hadi 0:45, bila kukata faili lenyewe. Hapo hapo unachagua ianze yenyewe au kwa kubofya.

Ukumbini bila intaneti haitacheza. Hifadhi nakala kwenye kompyuta.