Ghuba la Chole, Mafia: angalia mwezi kabla ya kupanga safari

Wanaokuja Utende, kijiji cha kando ya ghuba hili, kuogelea wanakosea jambo moja: wanachagua tarehe kwa kufuata likizo badala ya kufuata maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne. Ukitoka hotelini saa nne asubuhi ukiwa na taulo, utakuta matope, majani ya bahari na mashua zimekaa juu ya mchanga. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ukitaka kuogelea asubuhi katikati, lenga siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu.

Kwenda kisiwa cha Juani kwenye bwawa la maji ya chumvi, mwachie nahodha apange saa, maana maji yakipwa mashua haisogei mpaka yajae tena. Vaa viatu vya mpira. Miiba myeusi ya wanyama wa miambani huvunjikia ndani ya nyayo. Mlango wa Kinasi, njia ya kutoka ghubani kwenda bahari kuu, una mkondo mkali, usiuogelee bila mwenyeji, hata kama unajiamini vipi!

Pesa taslimu toa kabla hujavuka kutoka Nyamisati, bandari ya upande wa bara. Ada ya Hifadhi ya Bahari hulipwa getini Utende, tunza risiti.

Machi hadi Mei ni masika, acha. Papa potwe wako upande wa Kilindoni, magharibi mwa kisiwa, Oktoba hadi Machi, si humu ghubani.