Siku moja na gari la jeshi lisilo na dereva

Nikisema niko kwenye utafiti wa magari ya jeshi yanayojiendesha watu wanataka nianze na habari za mabunduki. La kwetu ni la kubeba mizigo bana, na mimi kazi yangu kubwa ni udongo.

Saa 12 asubuhi. Mvua imepiga usiku kucha kwa hiyo natangulia uwanjani na penetrometa kabla wale wa softwea hawajafika. Ni fimbo ya chuma yenye ncha ya koni ya nyuzi 30, unaikandamiza ardhini taratibu huku unasoma udongo unakataa kiasi gani. Leo juu unakataa vizuri, ukidhani mambo safi, halafu ikishuka kidogo inazama kirahisi, yaani tope limejificha chini. Kitu ambacho wengi hawakijui, ardhi ileile inaweza kulibeba gari la kwanza la msafara ikalikwamisha la hamsini, maana kila tairi linalopita linaukanda udongo na kuulegeza, ndo maana gari la jeshi linapimwa kwa namba mbili, ya kupita mara 1 na ya kupita mara 50.

Saa 2. Kikao. Nani anashika rimoti ya kuzima gari kwa dharura, nani asimame wapi, basi.

Saa 3 na nusu gari linaachiwa. Linaenda fresh mpaka kwenye majani ya kufika kiunoni, linasimama. Punda kagoma. Kwenye skrini lida, ile sensa inayopima umbali kwa miale ya leza, imeyachora majani kama ukuta, na ukiiambia iyapuuze basi siku kuna jiwe nyuma yake utalia. Tunachofanya ni kuangalia kama kuna miale inayopenya katikati ikarudi kutoka mbali zaidi, ikipenya kuna uwezekano ni majani, isipopenya hapo ndo ubishi unaanza. Na majani bado afadhali, mtaro ndo balaa, kwa sababu hauna kitu kilichosimama cha kurudisha mwale, kwa mbali unaonekana pengo jembamba tu kwenye data na gari likija kuuelewa breki zimeshachelewa.

Saa 7 mchana niko gereji na watu wa injini. Mfumo wao ni haibridi, dizeli inazungusha jenereta na mota za umeme ndo zinasukuma magurudumu, kwa hiyo unaweza kuzima injini ukatembea kimyakimya kwa betri na sensa zikaendelea kula umeme. Kila mgeni anauliza kwa nini isiwe betri tupu. Kilo 1 ya dizeli ina nishati ya karibu kilowati-saa 12, kilo 1 ya seli za lithiamu kama 0.25 hivi, hata injini ikipoteza zaidi ya nusu kwa joto bado betri haigusi, na huko mbele nani atakuchajia?

Saa 9 dogo mmoja wa softwea ananiambia haya mambo yalishamalizwa zamani. Anamaanisha mashindano ya magari yasiyo na dereva ya DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, kule jangwa la Mojave, mwaka 2004 gari lililofika mbali zaidi halikumaliza hata km 12, mwaka 2005 magari 5 yakamaliza kama km 212 na Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, likashinda. Kweli, ni hatua kubwa mno. Ila pale lilikuwa jangwa kavu na walipewa nukta za GPS za njia nzima, vitani GPS inavurugwa na njia hakuna anayekupa. Hakubali, na mimi sikubali.

Saa 11 jioni tunaosha gari, tope limeganda mpaka kwenye kioo cha lida. Ratiba ya kesho imetoka: magari mawili, njia ileile, na aliyepanga kamweka lenye mzigo mzito lifuate nyuma. Nimeshampigia, hapokei.