Nilivyompeleka mtoto wa dada Whitby

Dada yangu alinipigia usiku analia, kisa binti yake. Mtoto kazaliwa Leeds, Uingereza, ana miaka 17, na mwaka ule wa 2013 alikuwa anavaa nyeusi tupu kuanzia nywele mpaka buti, wanja mzito, shingoni ankh, ile alama ya Misri ya kale, sasa mtu wa kanisani kwao akamwambia dada huyo kashaingia Freemason. Nikasema dada niachie mimi. Ilipofika kuelekea Novemba mtoto akaniambia mamdogo kuna mkusanyiko wa magothi Whitby, yani watu wanaopenda muziki wa roki wa kigothi na mavazi meusi kama yake, nikamwambia tunaenda wote.

Tulipanda Coastliner asubuhi, basi likakatiza nyika za Yorkshire mpaka baharini. Whitby ni mji mdogo wa wavuvi ila wikendi hiyo kila kona nyeusi, wamama watu wazima na magauni ya enzi za malkia Victoria, vijana nywele zimesimama, babu kavaa kofia ndefu anasukuma kigari cha mjukuu. Mkusanyiko ulianza 1994 na huo mji hawakuuchagua hivihivi, mwandishi Bram Stoker alikaa pale 1890 na kwenye Dracula, kitabu chake kilichotoka 1897, meli iliyombeba yule mnyonya damu inakwama hapohapo, anaruka nchi kavu kwa umbo la mbwa anakimbilia juu kwenye makaburi.

Kilichonishika zaidi ni duka moja la jeti. Jeti ni jiwe jeusi la pale Whitby, lakini kiasili ni mti uliozama ukafukiwa mamilioni ya miaka. Muuzaji akaniwekea kipande mkononi, chepesi kama kifungo cha shati, hakina ubaridi wa kioo, akakichukua akakisugua kwenye kigae cheupe kisichong'arishwa, ukabaki mstari wa kahawia. Akasugua na kipande cha kioo cheusi, hakuna kitu. Ndo wanavyojua feki. Mume wa Victoria alifariki 1861 na malkia akakaa na nguo za msiba mpaka anakufa 1901, watu wakamuiga, mafundi wa jeti Whitby wakapata kazi kwelikweli. Yani ile nyeusi dada anayoiogopa kwa sehemu kubwa ni nyeusi ya msiba, kama tunayovaa sisi tukizika.

Halafu tukapanda zile ngazi 199 za kwenda kanisani, juu tukakuta mzee mmoja wa Leeds anapumzika, koti lake lina beji ya Sisters of Mercy. Mtoto akamsogelea, mzee akafunguka. Bendi hiyo ilianzia Leeds 1980, ngoma zinapigwa na mashine waliyoipa jina Doktor Avalanche. Kabla yao Bauhaus wa Northampton, 1979, wimbo wa dakika zaidi ya tisa kuhusu Bela Lugosi, yule muigizaji kutoka Hungaria aliyecheza Dracula 1931. Na wote hao, akasema, wametoka kwenye panki, ile roki ya kasi na kelele, na panki Uingereza ilikua pamoja na rege, kwenye klabu ya Roxy London 1977 DJ Don Letts alikuwa anawapigia mapanki rege maana rekodi za panki zenyewe zilikuwa chache bado. Bauhaus walikuwa wapenzi wa dabu, aina ya rege yenye mwangwi mwingi. Akampa mtoto hedifoni, akasema msikilize mwangwi kwenye ngoma, hiyo ni Jamaika. Na mimi nikasikiliza, na ni kweli kabisa! Nilifurahi mno, maana mtoto shuleni alishaambiwa hayo mambo ni ya wazungu, mweusi anatafuta nini humo.

Kabla ya kuondoka tukapita kwenye benchi la kumkumbuka Sophie Lancaster, binti wa miaka 20 aliyepigwa Bacup 2007 mpaka akafa, sababu ni muonekano wake tu. Mimi hofu yangu kwa mwanangu ni hiyo, Freemason hapana, na nilimwambia palepale, usiku asitembee peke yake.

Kwenye basi nikampigia dada, nikaweka spika, nikamuelezea kuhusu jeti, msiba, rege, vyote. Akauliza na hayo macho je? Mtoto akamjibu, mama, bibi Tanga si anapaka wanja kila siku? Dada akanyamaza kidogo akasema haya, nyeusi vaa, hata kanisani vaa, ila hiyo ankh uitoe. Mtoto akaanza kumueleza kwamba magothi wengi waliipenda kupitia filamu ya The Hunger ya 1983, ile inayoanza na Bauhaus wenyewe wanapiga, na kwamba kwa Wamisri ilimaanisha uhai, dada hataki, mtoto hakubali, tunaingia York bado wanabishana.