Msalaba wa mpingo na mninga: mkono ulikuwa unaachia gundi

Msalaba ni wa sm 30: mti wa kusimama mninga, mkono mpingo, unene mm 20, kiungo kimekatwa nusu kwa nusu, mm 10 kila upande. Unatoka karakana hapa Moshi ukiwa imara, wiki mbili baadaye mkono unacheza. Ukiuvuta, gundi yote imebaki kwenye mninga. Upande wa mpingo unang'aa kama haujaguswa.

Niliongeza gundi nyeupe, nikakaza klampu zaidi. Bure. Kukaza mno kunaikamua tu gundi itoke nje.

Kumbe ni mafuta ya mpingo wenyewe. Sasa nalinganisha kiungo kwanza kwa patasi, nasugua uso wa mpingo kwa msasa namba 80, kisha nafuta kwa asetoni, kimiminika cha kuyeyusha mafuta, na kitambaa cheupe. Kinatoka na weusi wa zambarau. Nabadilisha kitambaa mpaka kitoke karibu safi. Dakika mbili tatu ikauke, halafu napaka epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya sehemu mbili, pande zote za kiungo, nabana kwa wastani, saa 24.

Siri ni muda. Mwanzoni nilifuta jioni nikagundisha asubuhi, mafuta yakawa yamesharudi juu. Sasa kati ya kufuta na kugundisha hazipiti dakika 15. Asetoni nunua duka la rangi; ile ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta.

Ukimaliza msasa, vumbi jeusi liondoe kwa brashi kavu. Ukilifuta kwa kitambaa kibichi linaingia kwenye vitundu vya mninga, na hapo halitoki.