Kofia ya Jumatano

Katy, Texas. Jumatano, 3 Desemba 2025, usiku

Leo ni siku ya vijana wa futiboli ya Kimarekani kusaini na vyuo vitakavyowachukua. Niliomba ruhusa kazini, lori nikaliacha yadi, nikavaa shati jeupe kama mtu anayekwenda kusimamia ndoa. Ukumbi wa michezo wa shule ulikuwa umewekwa meza ndefu, juu yake kofia za vyuo wanavyosaini, nyuma yake wavulana sita na wazazi wao, mbele wapiga picha. Mpwa wangu alitakiwa awe wa saba. Alikaa na sisi kwenye ngazi za watazamaji, kila jina likitajwa anapiga makofi, mpaka nikatamani aipumzishe mikono yake.

Kofia yake ilikuwa ndani ya mkoba wa dada, karatasi ya bei bado inaning'inia.

Wiki tatu zilizopita nilianza kuandika hapa habari ya furaha. Nilikuwa nimefika aya ya pili. Asubuhi hii nimeifuta.

Kwa mlioko nyumbani niseme kidogo. Futiboli ya Kimarekani huku Texas si mchezo wa kupitishia muda. Hapa Katy kuna uwanja unaoitwa Legacy, ulifunguliwa 2017, uligharimu dola milioni 70 hivi, unaingiza watu 12,000. Ni uwanja wa shule za sekondari, siyo wa Simba wala Yanga! Nchi nzima vijana zaidi ya milioni moja wanacheza futiboli sekondari. Wanaoendelea nayo chuoni, kikubwa kwa kidogo, ni kama saba katika kila mia, na wanaofika daraja la juu hawazidi watatu. Hao ndio wanaogombaniwa.

Dogo alitua Julai 2023 akitokea Morogoro, miaka 15, golikipa wa kidato cha pili, mrefu kama mgomba. Kocha wa shule alimwona kwenye foleni ya chakula, akamuuliza kama ameshawahi kucheza. Siku ya kwanza alivaa kinga za mabega mbele nyuma, wenzake wakacheka hadi wakakaa chini. Mwaka uliofuata hakuna aliyecheka. Anacheza pembeni mwa safu ya ulinzi, kazi yake ni kumfukuzia mrusha mpira na kumwangusha kabla hajautupa. Nikaanza kumsimulia habari za Daniel Adongo, yule Mkenya aliyetoka kwenye raga akasajiliwa na timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza futiboli. Akanijibu, "Anko, hiyo umeshanisimulia." Kweli, nilikuwa nimeisimulia mara nne.

Ofa ya kwanza ilikuja Mei mwaka huu, kwa simu. Dada alipiga vigelegele jikoni, akampigia bibi Morogoro, bibi akaomba dua simu ikiwa bado hewani. Mimi nikatupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Neno lile, ofa, tulilielewa kwa lugha tunayoijua: tumeletewa posa. Kwetu barua ya posa ikishapokelewa na kishika uchumba kikapokewa, hata anayetaka kughairi hawezi kunyamaza tu. Lazima atume watu, wakae mkekani, waseme.

Huku chuo kimoja kinatoa ofa kwa mamia ya wavulana, ilhali watakaosaini ni ishirini na kitu. Na kijana naye akitangaza kwamba amekubali, neno lake halimfungi mpaka siku ya kusaini. Zamani kulikuwa na barua rasmi ya kitaifa iliyokuwa ikifunga pande zote mbili. Ilianza 1964, ikafutwa Oktoba 2024. Sasa wanasaini karatasi za skolashipu na za malipo. Haya yote niliyajua baadaye. Mwezi ule wa Mei nilikuwa najua vigelegele tu.

Mwezi wa sita chuo kilitukaribisha. Kililipia tiketi zetu watatu na hoteli. Dada alishangaa kwamba huku mposaji ndiye anayewaita wakwe nyumbani kwake, lakini hakukubali kwenda mikono mitupu. Alikanda chapati ishirini, akazifunga kwenye foili, zikapita uwanja wa ndege bila maneno. Kocha msaidizi aliyekuwa akimfuatilia dogo alikuwa kijana tu, labda miaka 32. Aliponipa mkono macho yake hayakwenda usoni kwangu, yalikwenda kwenye kifundo cha mkono. Kisha akamuuliza dada marehemu shemeji alikuwa na urefu gani, na kama kaka zake yeye walichelewa kuacha kukua. Dada akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu anachagua ng'ombe wa mnadani." Nikacheka, lakini nikaona mantiki yake. Dogo ana futi sita na inchi tatu na uzito wa pauni 208. Wao wanataka 250. Kilo zile arobaini kasoro zinazopungua... hapana, nakosea hesabu, ni kama kilo 19. Hata hivyo hazipo, na kocha anapaswa kuzikisia kwa kutazama mifupa ya mjomba. Ni kama kununua embe bichi kwa bei ya lililoiva.

Usiku tulikaa na yule kocha msaidizi mezani. Alikula chapati nne. Simu yake aliilaza kifudifudi kando ya sahani, na muda wote ilikuwa ikitetema hadi maji kwenye glasi yakawa yanacheza. Alikuwa akifuatilia vijana arobaini. Kila siku lazima kila mmoja apate ujumbe, na siku ya kuzaliwa ya mama yake isisahaulike, na ukikosa siku mbili mwenzio wa chuo kingine ameshaingia. Akatukumbusha Bryce Underwood, kwotabeki, yaani mrusha mpira, namba moja wa mwaka jana. Aliahidi kwenda LSU, chuo cha Louisiana, Januari 2024. Miezi kumi na zaidi LSU wakamlea kwa maneno matamu, halafu wiki mbili kabla ya kusaini akageukia Michigan, karibu na kwao. Kwa kocha, huo ni mwaka mzima wa ndege, hoteli na simu za usiku, umeyeyuka jioni moja.

Halafu akachukua kitambaa cha karatasi akachora. Wiki mbili kabla ya safari yetu, tarehe 6 Juni, Jaji Claudia Wilken alikuwa ameidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, michezo yote pamoja. Kwa vyuo vilivyojiunga, ukomo wa skolashipu 85 za futiboli umeondoka, pamewekwa ukomo wa wachezaji 105 kikosini. Zamani ungeweza kubeba watu 120, wengine bila skolashipu, ukawaangalia wanavyokua. Sasa kila kiti kina bei. Na nje ya dirisha kuna portali ya uhamisho, orodha ya mtandaoni ya wachezaji wa vyuo wanaotaka kuhama, ambayo tangu 2021 inamruhusu mchezaji kuhama na kucheza papo hapo, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka akitaka, mradi anafaulu masomo. Kocha alichora viti, akaweka kijana wa miaka 17 upande mmoja na mtu mzima wa miaka 22, mwenye ndevu na mechi thelathini, upande wa pili. Akamwangalia dogo, akaukunja ule mchoro.

Mimi sikuuelewa vizuri. Nilielewa kwamba anatupenda. Na nadhani alitupenda kweli, hapo sijabadilisha mawazo.

Kuna na wale wanaotakiwa kupita kiasi. Rafiki wa dogo, aliyesaini leo, ana nyota nne. Tovuti za upimaji huwapa vijana nyota kama hoteli. Nyota tano nchi nzima hupewa kama thelathini tu kwa mwaka. Mama yake alimwambia dada kwenye maegesho ya kanisa kwamba amebadilisha namba ya simu mara mbili, na mwanawe ameahidi vyuo vitatu kwa zamu, kila mara akilia kwa sababu kocha anayemwacha naye analia. Dogo wetu nyota zake ni mbili, tatu kwa tovuti yenye huruma. Nikampa mfano wa mrusha mpira Cam Ward, wa West Columbia, si mbali na hapa. Sekondari alipewa ofa na chuo kimoja tu cha maana, Incarnate Word cha San Antonio, kwa sababu shule yake ilipenda kukimbia na mpira na yeye hakupewa nafasi ya kuurusha. Aprili mwaka huu timu ya kulipwa ya Tennessee Titans wamemchukua wa kwanza kabisa, mbele ya wote. Maana yake makocha wote waliopita mlangoni pale walikosea, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kwenye daftari lake.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana ndilo lililonikalisha hapa saa sita usiku.

Kulikuwa na chuo kidogo, mji mdogo, safari ya saa saba kwa gari. Kocha wao ni mzee, anapiga simu kila Jumapili jioni, kwa dada kwanza kisha kwa dogo. Septemba, zilipotakiwa alama za dogo za kidato cha kwanza, maana NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3, na rekodi zote kuanzia darasa la tisa, yule mzee ndiye aliyetueleza hatua kwa hatua. Binamu yetu alikwenda shuleni Morogoro kwa bodaboda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye muhuri yuko msibani, mara ya pili umeme umekatika, mara ya tatu akapata. Mzee aliposikia karatasi zimefika alifurahi kama wa kwake.

Mwisho wa mwezi ule akauliza, mtakuja kututembelea? Dada aliniangalia. Mimi ndiye niliyesema, "Mwambie asante, binti ameshaposwa." Tena nikacheka. Dada aliyasema kwa adabu zaidi, lakini maneno yalikuwa yangu.

Novemba kile chuo kikubwa kikamfukuza kocha mkuu. Hilo si jambo geni; Oktoba hii hii Penn State walimfukuza James Franklin, mwezi uliofuata Virginia Tech wakamchukua, na wavulana kadhaa waliokuwa wameahidi Penn State wakamfuata huko. Kwetu hakuna aliyefuatwa. Kijana wetu wa chapati alipiga simu akiwa barabarani, nasikia watoto nyuma wanagombana. Anahama kwa mara ya nne katika miaka saba. Aliniita Anko. Akasema kocha mpya ana orodha yake, na nafasi ya dogo wanaihifadhia portali, itakayofunguka tarehe 2 hadi 16 Januari. Kwamba ofa bado ipo, lakini kwa sasa hawawezi kuipokea sahihi yake.

Nikamwuliza maana yake nini, ofa ipo lakini haisainiwi. Akakaa kimya, kisha akasema anasikitika.

Dada alipoelezwa hakuelewa kabisa. "Kwani chuo si kipo palepale? Kimehama?" Nikasema chuo kipo. "Majengo yapo? Kile kitanda walichotuonyesha kipo?" Vyote vipo. "Basi aliyetuposa ni nani?" Sikuwa na jibu, nikatoka nje nikajifanya naangalia tairi.

Chuo chenyewe hakijatupigia hadi leo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko nafasi. Wangetuma hata mtu mmoja akae mkekani.

Leo baada ya sherehe dogo alikumbatiana na rafiki yake, wakapiga picha wakiwa wameshika kofia ya yule, halafu akaenda chumba cha vyuma kunyanyua kama kawaida. Mimi nikakaa kwenye gari nikampigia yule mzee wa Jumapili. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, hakunipa nafasi. Akasema leo amesaini wa nafasi hiyo wawili, hana pa kumweka. Ila kuna awamu nyingine Februari, inaanza tarehe 4, na kila Januari kuna anayeondoka. Nimtumie video za mechi nne za mwisho, mechi nzima, siyo vipande vya kupendeza. Akauliza mama yake anaendeleaje. Akasema atampigia Jumapili.

Nilipomwambia dada alikuwa amemenya viazi vya watu kumi. Hakusema lolote kuhusu Februari. Alifuta mikono kwenye khanga, akaitoa kofia mkobani, akaiangalia ile bei, dola 34.

"Kaka, risiti uliiweka wapi?"

Nimeipata sasa hivi kwenye mlango wa gari, chini ya kikombe cha kahawa. Inasema siku thelathini. Dogo amelala, hajaulizwa.