Vyura wamerudi kwenye jaruba langu

Usiku wa mvua ya kwanza, hapa bonde la Kilombero, vyura huwa hawakuachi ulale. Kwangu walinyamaza misimu mitatu mfululizo. Nilipomweleza kijana wa duka la pembejeo akanijibu, "Mama, chura si zao. Ongeza dawa, mpunga ndio utakaokulipa." Maneno hayo yananikera mpaka leo.

Nilianza kwa kukosea. Nilivua viluwiluwi mferejini kwa chujio la chai, nikawaweka kwenye beseni la maji safi ya kisima nyuma ya nyumba, mbali na kila sumu. Asubuhi walikuwa wanacheza. Saa nane mchana walikuwa juu wote, vinywa nje, wanagombania hewa. Jioni matumbo meupe yameelea. Niliumia sana. Kesho yake nikaazima kipimajoto cha banda la vifaranga: maji ya beseni nyuzi 39! Jua peke yake liliwaua. Maji yakipata moto hewa ndani yake hupungua, na kiluwiluwi ndipo mwili wake unapoitaka zaidi. Kama maji yana sumu, anaimeza kwa matamvua na kwa ngozi, maana ngozi yake haizuii kitu.

Basi nikachimba shimo kwenye kona ya jaruba, chini ya migomba, kina cha kiunoni. Vijana wawili, elfu kumi na tano hivi na soda. Mchana jaruba linachemka, chini ya shimo ni nyuzi 28.

Ila ninachojivunia ni madumu ya kupimia sumu. Kabla ya kufungulia maji, nakata madumu mawili: moja la maji ya mfereji, moja la kisima, yote kivulini, viluwiluwi watano kila moja. Mzima ukimgusa kwa unyasi anachomoka. Aliyelewa sumu anazunguka palepale, mkia umepinda, kisha analala ubavu. Siku moja wa mfereji walikufa wote kabla ya adhuhuri, wa kisima wazima. Nikayabeba madumu yote mawili mpaka kwa mzee wa shamba la juu. Hakubisha. Aliinama akatazama, akasema taratibu, "Bomba la dawa nililiosha mferejini, mwanangu." Siku hizi akipuliza anafunga kitambaa chekundu mtini, nami sifungulii maji siku nne. Dawa ya magugu nimeiacha kabisa kingoni, napalilia kwa mkono. Mara nyingi ile sabuni inayochanganywa ili ishike majani ndiyo inayomuua kiluwiluwi.

Wanaosema chura hawezi kwisha nawakumbusha korongo la Kihansi, milima hiihii ya Udzungwa. Bwawa la umeme lilipunguza manyunyu ya maporomoko, kisha mwaka 2003 vyura wadogo walioishi kwenye manyunyu hayo wakaporomoka ghafla. Wataalamu wakataja kuvu wa ngozi, wakashuku pia sumu za mashambani zilizokuja na tope. Mwaka 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. Walionusurika ni uzao wa 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, na kurudishwa korongoni kulianza 2012 tu.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilipiga Jumanne usiku. Mwanangu wa mwisho, ana miaka mitatu, alinitikisa gizani akauliza ni nani wanaopiga kelele nje. Alikuwa hajawahi kuwasikia.