Mistari ya neoni ndani ya boksi la viatu

Natengeneza kifaa cha kutawanya mwanga uonyeshe rangi zake, na wiki ya kwanza yote iliishia kwenye boksi. Upande mmoja nilikata mwanya nikaubana kwa nyembe mbili. Upande wa pili nikabandika kipande cha DVD nilichokibandua tabaka lake la kung'aa. Mifereji ya DVD imeachana kwa mikromita 0.74 tu, nayo ndiyo inayotawanya mwanga. Shabaha yangu ni kile kitaa cha rangi ya chungwa kwenye swichi ya ekstensheni. Ndani yake mna gesi ya neoni.

Jaribio la kwanza halikufaa: niliona ukungu mwekundu, basi. Mwanya ulikuwa na upana wa milimita nzima. Nilisogeza nyembe hadi pakabaki nafasi ya unene wa karatasi, mistari ikatokea, ila imelala upande, maana mwanya na mifereji havikuwa sambamba. Kuunyoosha kulinichukua jioni mbili.

Jana usiku nilizima taa zote nikachungulia tena. Jamani, ule wekundu si mmoja! Ni mistari myembamba iliyosimama bega kwa bega, kuanzia wa njano hadi wekundu uliokolea, na mmoja wa kijani, hafifu, umejitenga kando. Nilichungulia mpaka jicho likatoa machozi.

Neoni ina elektroni 10, na tabaka lake la nje limejaa, ndiyo maana haiungani na chochote. Umeme ukiipandisha elektroni moja, hiyo hurudi chini kwa ngazi nyingi, na kila mruko una rangi yake. Wanakemia William Ramsay na Morris Travers waliitambua kwa mwanga huohuo, London, mwaka 1898, baada ya kutenga gesi nyepesi iliyokuwamo kwenye agoni, gesi nyingine waliyoipata hewani. Mtoto wa Ramsay alipendekeza iitwe novum, yaani mpya kwa Kilatini. Baba akachukua neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Katika kila chembe milioni za hewa tunayovuta, neoni ni kama 18.

Leo nimepima. Nilianza na taa ya tyubu, kwa kuwa ndani yake mna zebaki, na urefu wa mawimbi ya mistari yake unajulikana: nanomita 435.8 na 546.1. Kwa kipimo hicho, mstari wa njano wa neoni umenipa 588, na ulipaswa kuwa 585.2. Nashuku boksi linapinda ninapolishika. Kesho nalikaza kwa vipande vya mbao, kisha napima upya.